Menyu ya Mama Nyanzobe

Nakiri: aliyeiandika ni mimi, Lugembe,
wa duka la fotokopi pale Kirumba, ukuta mmoja na saluni.
Bei ya Kiingereza changu ilikuwa elfu kumi na tano
na sahani ya sangara.

Kamusi ilikuwa ya kuazima,
imeng'oka kuanzia herufi S:
samaki, sangara, sato, supu, ugali, wali,
mlo wote wa kanda hii ulikwenda na upepo.
Na Mama amesimama begani kwangu ananukia vitunguu:
"Andika upesi, gari la wageni wa Serengeti linafika saa saba."

Sato mzima.
Nikafungua M. Mzima: asiyeumwa.
Nikaandika hivyo hivyo.
Kiingereza kile ukikirudisha nyumbani kinasema
Sato Mwenye Afya Njema.
Mzee mmoja wa kizungu akaweka kidole kwenye mstari wa chini,
nusu sato, elfu nane,
akauliza kwa huruma: na huyu, anasumbuliwa na nini?

Kuku wa kupaka, mapishi ya wifi yake wa Tanga.
Kwenye ukurasa ule paka mnyama alitangulia,
amekaa juu ya kitenzi, hataki kusogea.
Basi mwenye kuku akawa paka.
Wiki tatu hakuna aliyemwagiza,
na Sajenti, paka wa pale jikoni,
akawa anatazamwa kama mtu mwenye hisa.

Kitimoto nacho nilikipasua katikati:
Kiti Kinachowaka, kwa Ndizi.
Nilimwona dada mmoja akipapasa plastiki kabla ya kukaa.
Zege nililiacha kwa mafundi ujenzi,
mhandisi wa barabara akaulizia kokoto.
Na chai ya rangi,
sikumbuki kama niliandika ya mafuta au ya maji.

Walicheka. Mungu wangu, walicheka
mpaka miwani ikaangukia kwenye kachumbari.
Walipiga picha karatasi kabla ya chakula.
Nikajificha nyuma ya friji.
Mama akanivuta shati:
"Wanacheka nini?"
Kiingereza, Mama.
"Wameagiza?"
Wameagiza.
"Basi ni Kiingereza."

Kisha akaja Mwalimu Bhoke, mkaguzi mstaafu,
na kalamu nyekundu aliyostaafu nayo.
Alisahihisha huku anakula, mchuzi ukidondokea vitenzi.
Menyu mpya ikatoka safi, imepigwa lamineti,
sato hana tena habari za afya yake,
kuku amerudi kwa wenye kuku.
Wageni walisoma, wakala, wakalipa,
wakaondoka kama watu waliotoka benki.

Siku ya nne Mama aliniita.
"Ile ya kwanza unayo?"
Ninayo, Mama, kwenye flashi.
"Itoe. Ya Mwalimu iweke chooni, ina heshima."

Mstari mmoja tu haukubadilika katika zote mbili.
Michembe ya karanga.
Niliitafuta kwenye M, nikapita mchele, nikapita mchezo,
nikafika mchicha. Hamna.
Mwalimu naye alizungushia duara, akaweka alama ya kuuliza,
akaendelea kutafuna.
Mama alisema: "Hiyo iache ilivyo."

Juzi bibi mmoja mgeni aliigusa kwa ncha ya kijiko.
Nikakohoa, nikatafuta pa kuanzia.
Mama hakunisubiri.
Alimshika mkono, akamwekea kipande kikavu kiganjani,
akamenya hewa, akakata hewa vipande vyembamba,
akaonyesha jua, akaonyesha jiwe kubwa la Ngudu
kwa kunyoosha mikono mpaka akagonga taa.
Halafu akaonyesha tumbo tupu,
na mtoto wa urefu huu, ambaye ni yeye,
na mtu anayegawa vipande kwa kuhesabu
huku yeye mwenyewe hali.

Bibi yule alitafuna muda mrefu.
Akasema: mishembi.
Mama akaitikia kwa kichwa.
Mimi nilifungua mdomo nimsahihishe,
Mama akanikanyaga mguu.