Maji ya Kumezea

Nyongo mkalia ini, walisema.
Hawakuliona langu, nyumba ya kupangisha.

Mpangaji wa kwanza, yule wa herufi tatu,
alihamia nikiwa na miaka ishirini na sita.
Wa pili, homa ya ini C, alikuja kwa sindano
tuliyopokezana na Lugembe nyuma ya gereji, Mabatini.
Lugembe sasa ni tuta la mchanga, halina hata jina.
Hao wawili nawajua. Wana kadi, wana mihuri.
Saa mbili asubuhi kikombe cha methadoni,
nafungua kinywa nesi aone nimemeza kweli.
Saa tatu usiku, kidonge,
na maji.

Kidonge kina tarehe, kina simu ya kunikumbusha.
Maji hayana. Maji ni maji.

Mwezi ule bomba la Igogo lilikohoa hewa siku kumi na tisa.
Ziwa lote lile limelala chini yetu
nasi tunagombania ndoo!
Tukaenda kwenye kichemchemi kati ya mawe,
maji baridi, meupe, bila harufu,
ukiyatazama unasema, haya ni ya Mungu.
Juu ya mawe, nyumba. Nyuma ya nyumba, vyoo.
Mvua ilikuwa imenyesha usiku mbili mfululizo.
Sikuinua macho.
Nani huinua macho akichota?

Nkwimba wa dirisha la dawa ndiye aliyenishika kidevu:
"Hebu tazama taa."
Kiini cha yai la kienyeji, ndivyo yalivyokuwa macho yangu.
Dada yangu Minza hakuuliza kitu.
Alikunja shati mkono wa kulia, akatafuta tundu jipya.
Hakukuta.
Akakunja na wa kushoto.

Daktari alivishuku vidonge,
kisha akamshuku C, kisha akanishuku mimi.
Damu ikasafiri, ikakawia huko ilikokwenda,
ikarudi na herufi moja: E.
"E," nikarudia, kama mtoto wa chekechea,
a, e, i, o, u.
"Huyu haji kwa sindano," akasema, "wala kitandani.
Huyu hunywewa."

Nilicheka. Nilicheka mpaka ubavu ukanichoma.
Miaka kumi na moja kila ugonjwa wangu
umekuja na swali mgongoni:
ulikuwa wapi, ulikuwa na nani?
Huu tuliunywa mtaa mzima.
Watoto wa Malugu waliumwa tumbo Jumamosi,
Jumatatu wako shule.
Kwangu umetandika mkeka.
Askari wangu wachache, wamechoka,
walikuwa wakilinda milango miwili;
huu ukapita dirishani.

Nikagonga kwa Kwandu, chumba cha pili, mimba ya miezi saba.
Kwandu aliyenitengea kikombe changu cha bati
na kukitundika nje, kwenye msumari.
Nikasimama hapo hapo karibu na msumari.
"Chemsha maji."
"Mkaa unajua bei gani?"
"Najua. Chemsha."
"Leo wewe ndiye wa kunifundisha usafi?"
"Mimi. Nimeambiwa mimi huenda nikapona, polepole.
Mwenye mimba, haubembelezi. Unaua."
Akanitazama macho, rangi yake.
Akashusha pazia bila neno.

Sijui aliamini nini.
Ukuta wetu ni mwembamba: nasikia vitu,
huenda ni mfuniko unatetemeka,
huenda ni panya.

Saa tatu. Simu inalia, kidonge kiko kiganjani.
Sufuria yangu imeipuliwa sasa hivi, bado inafuka.
Simu inalia tena.
Ngoja, naiambia.
Ngoja yapoe.