Hina Mbichi

Kwa ukucha wa kidole cha mwisho
Bi Mwanashee aifunika Katari nzima
kwenye ramani ya mjukuu, hapa Langoni.
"Ni hini tu?"

Ni hiyo. Haina mto hata mmoja;
bahari wanaichuja, wanaoga, wanamwagilia nyasi.
Gesi iko chini ya maji,
pesa juu ya kila kitu.
Mwenyeji mmoja, wageni wanane.

Katika hao wanane yumo Shekuwe wake.
Babake alichonga mlango mmoja miezi mitatu,
msaji, maua hadi kizingitini.
Yeye analinda mlango wa kioo
unaojifungua kabla ya hodi.

Mtoto amshika mkono: "Bibi, hina yako mbichi!"
Auondoa ukucha.
Katari imeingia wekundu,
na bahari yake kidogo.