Haing'arishi

Mimi ndiye Bukuru, niliyetangulia kuzaliwa kwa dakika kumi,
na tangu siku hiyo sijamtangulia Butoyi kwa lolote.
Mimi nakoroga. Yeye anashika simu.
Ndivyo tulivyogawana biashara hapa Gungu, Kigoma, nyuma ya nyumba ya mama:
sufuria moja, mwiko wa mninga, debe la mawese kutoka Ilagala,
na kostiki tunayoifungua tukiwa tumegeuza uso
kama anayemfungulia mlango mgeni asiyemtaka.

Simu haikitambui kidole chenye mafuta.
Nililijua hilo siku ya kwanza, nilipotaka kumjibu mteja:
nagusa, kioo kimya;
napangusa kwenye khanga, nagusa tena,
kinaandika "ndpoo dafa".
Butoyi akaninyang'anya. "Wewe rudi kwenye sufuria."

Basi akapiga picha.
Sabuni juu ya jani la mgomba. Sabuni juu ya gunia.
Sabuni imeegemea ukuta tuliopaka chokaa nusu,
ile nusu inayoonekana.
Wakapenda kumi na wanne, tisa kati yao wa ukoo.
Shangazi Ntibakazi wa Kasulu aliandika "Mungu awabariki"
na hakununua.
Wengine waliuliza bei. Butoyi akawajibu "njoo inboksi",
nami nikamwambia: pale soko la Mwanga
ukiulizwa bei ya nyanya ukasema njoo nyuma nikunong'oneze,
watakuitia mgambo.

Ndipo akajipiga mwenyewe, sabuni shavuni,
kwa ile filta inayomfuta mtu vinyweleo, makovu, na nusu ya babu zake.
Akatoka mweupe kama chapati isiyoiva.

Asubuhi simu ilitetemeka mezani kama mwenye homa.
"Inang'arisha?"
"Inatoa weusi baada ya siku ngapi?"
"Dada, niandalie miche mia tatu, nina duka Sinza."

Mia tatu.
Nilihesabu kwa vidole, nikapotea, nikaanza upya:
ada ya Gwimo, bati la jikoni, deni la debe.
Butoyi hakuhesabu. Alikuwa ameshaandika "Ndiyo",
na kidole chake kikavu kilisubiri juu ya kitufe.

Nikamtazama. Kumtazama Butoyi ni kazi:
uso ule ni wangu,
ila kovu la kwenye nyusi ni lake peke yake,
alianguka na ndoo Kibirizi tukiwa na miaka saba,
nililia mimi, yeye akanyamaza.
Kwenye picha kovu halikuwepo.
Sikulisema hilo. Nilisema,
"Mawese ni mekundu. Tangu lini chekundu kikamtoa mtu mweupe?"

Hatukusemezana mpaka sabuni ilipoganda.

Jioni alinielekezea simu bila kuniomba,
mikono yangu ndani ya beseni, nimetoka kutumbua migebuka.
"Haya, sema wewe."
Nikasema:
Haing'arishi.
Inatoa masizi. Inatoa jasho la shambani.
Inatoa harufu ya dagaa ukisugua mara mbili;
mara moja haitoshi, nisikudanganye.
Mche mmoja elfu mbili na mia tano. Bei ndiyo hiyo, nimeisema mbele ya watu.

Wa Sinza hakujibu tena. Tiki mbili za buluu, basi.
Wafuasi themanini walitawanyika kama kuku waliosikia mvua.
Wiki nzima tuliuza miche sita,
minne kwa akina mama wanaoanika dagaa Katonga.
Mmoja wao aliandika: "Kweli ni mara mbili."

Butoyi anasema niliturudisha kwenye umaskini
kwa sekunde ishirini na saba.
Huenda.
Deni la debe liko palepale.

Leo sokoni mwanamke nisiyemjua akaniita kwa mbali,
"Wewe! Mara Mbili!"
Nikageuka, nikidhani anamtafuta pacha wangu.
Hapana, alinitaka mimi.
Alitaka mche mmoja, kwa mkopo.