Nusu Nati

Kuriyati, saa tatu asubuhi, bati la banda limeshaanza kualika.
Boti ya Thuwaini iko juu ya magogo, mkia umefunguliwa,
tundu la shafti linanitazama kama jicho lisilo na kope.

Naipaka fimbo grisi, naichomeka.
Inapita beringi. Inagota.
Isukume kwa vidole viwili, ndivyo nilivyofunzwa:
ukitaka nyundo, ujue unajidanganya.

Naichomoa. Grisi imekwanguka upande wa juu.
"Biju, nusu nati, mbele, kulia na kushoto."
Nusu. Nusu tena. Robo.
"Chai kwanza," anasema, kwa Kiswahili alichokiokota kwangu.
Hadi adhuhuri injini imepanda unene wa kidole
na fimbo inagota palepale.

Ndipo napeleka bisibisi chini ya mguu wa nyuma.
Ubao unaimeza mpaka mpini,
halafu maji, ya kahawia, ya miaka.

Kumbe injini haina kosa.
Ilikuwa inazama taratibu, ndani ya boti inayoelea.

Thuwaini anacheka kwenye simu:
"Kaza tu, Bi Mahfudha. Ijumaa tunatoka na watoto."

Naifuta fimbo.
Ufunguo wa boti umo mfukoni mwangu,
na leo Jumatano.