Chini ya Doa la Chai

Siku tano kwa miguu, ya sita juu ya lori la mihogo,
nikashuka Kadutu na matope ya Mulambozi
bado kati ya vidole.
Mheshimiwa, mimi ni Wabiwa binti Kyalondawa.
Kijiji kimenichangia nauli na kuku huyu.

Ukutani mwako, hapa Muhumba, ipo ramani.
Nimeitafuta Mulambozi kwa ukucha:
mto huu, mlima huu, kisha doa la chai.
Karani wako akacheka, "Mama, mpo chini ya doa."

Babu zetu waliambiwa mpaka ni mto.
Mto, mwaka wa mvua ile, ukahama usiku
bila barua, bila muhuri.
Tangu hapo mashamba yapo teritwari moja,
makaburi yapo nyingine,
na mkunga akivuka kwenda kukata kitovu
hajui mtoto ataandikwa wapi.

Wa kodi hutufikia kutoka pande zote mbili.
Hao hawajawahi kupotea njia.

Kura yangu nilikupa wewe.
Mume wangu, tunayelala naye kitanda kimoja,
alipewa kadi ya ng'ambo, akamchagua mwenzako.
Leo naona nyumba zenu zinatazamana,
ziwa lile lile dirishani.

Sikuja kuomba daraja.
Penseli ile, iliyo sikioni mwa karani,
niazime.
Niandike jina tu, dogo, pembeni mwa chai.
Haraka, mheshimiwa:
lori linarudi saa nane.