Macho ya Mwanasesere

Mama aliandika kwa penseli juu ya kijiti:
*Oktoba. Usichimbe. Usichokonoe.*
Hakuandika mwaka, wala jina la mmea.
Akafa Februari, ardhi ya Estrie imeganda kama chuma;
wakamhifadhi kwenye kijumba cha mawe nyuma ya kanisa
hadi udongo ulegee.
Nami nikabaki na kijiti.

Theluji ikayeyuka. Hakuna kitu.
Majani makavu, konokono mmoja, kivuli
cha miti ile inayokamuliwa sukari.
Jirani yangu Delphis akaegemea uzio: "Imeoza hiyo.
Panda viazi."
Nikachukua koleo. Nikalirudisha.
Alphonsine hakuwa mtu wa kukataza jambo mara mbili.

Baada ya baridi ya pili, jani.
Moja tu, limekunjwa kama ngumi ya kichanga.
Nilikaa kwenye matope na gauni langu la kazini.

Mwaka wa tano ndipo ukachanua,
brashi nyeupe ya kusugulia chupa,
na Septemba vikonyo vikawa vyekundu, vinene,
kila kikonyo na tunda lake, jeupe pe,
kila tunda na doa lake jeusi,
nikajua ni nani ananitazama.

Hauna mwiba wa kukuonya.
Hunuki. Haujifichi.
Ukila konzi ya matunda yake, moyo unasahau hesabu.
Paa anaupita kando, anamaliza saladi yangu yote;
kwale wa msituni anakula, anashiba, anaruka zake.
Kila mtu na tumbo lake.

Oriane ana miaka minne. "Ni lulu?"
"Ni macho ya bibi yako. Tunayatazama. Hatuyali."
Akafunika ya kwake,
akachungulia kati ya vidole, akacheka.
"Ng'oa," akasema Delphis, safari hii bila kucheka,
na kwa hili simlaumu.
Sikung'oa. Nilisuka wigo wa fito,
unamfika mtoto kidevuni.
Mwakani utamfika kifuani. Najua.

Leo nakamua mbegu
ndani ya bakuli la mbwa aliyekufa zamani,
bakuli ambalo halirudi tena jikoni.
Nyama ya tunda inaelea, mbegu zinazama.
Nimevaa glavu za mama, za mpira, za manjano,
zinanipwaya, na gumba la kushoto limetoboka.
Alijua limetoboka. Alizivaa hivyo hivyo
miaka yote ile, bila kumwambia mtu.
Jioni kidole kinaniwasha.
Nakiosha kwa sabuni, mara tatu, nne,
kisha nakaa nacho mezani, kinawasha,
na taa sijaiwasha.

Nimechonga kijiti kipya.
*Oktoba. Usichimbe. Usichokonoe.*
Mwaka nimeuandika. Jina la mmea pia.
Na upande wa pili, herufi ndogo, nafasi imebana:
*Oriane, nunua glavu mpya.*