Muhuri

Duluth, Januari. Ziwa limeganda hadi gatini.
Lorna Haapala anatoka kwenye ghala la ngano
saa nne na robo, glovu moja mkononi, nyingine menoni,
anawasha.

Kazi yake ni kukataa.
Huchota ngano kwa kikombe cha bati, huinusa,
huzihesabu punje zilizoota ukungu,
na behewa zima hurudi lilikotoka
kwa neno lake na wino wake wa zambarau.
Miaka kumi na tisa.
Hajahongwa hata kahawa.

Ndiyo maana anaiamini pakiti.
"Kuna mtu kama mimi huko," husema,
"kavaa koti jeupe, ana kikombe chake.
Ingekuwa sumu hasa, ingempita?"
Na lile onyo?
"Hata ngazi ina onyo. Watu wanapanda."

Orrin wa winchi anaomba kiberiti.
Yeye serikali haiamini hata ikisema leo Jumanne.
"Walimwambia baba maji ya mto ni salama.
Leo wanasema hii inaua. Basi labda inatibu!
Kizuri chajiuza, kibaya chapigwa muhuri."
Anavuta, anakohoa, anatema kwenye theluji.

Hawajapatana kwa lolote hawa,
si kodi, si kura, si bei ya samaki,
ila moto mmoja unawatosha.

Alasiri, behewa la mwisho.
Lorna anajaza fomu: unyevu, vumbi, wadudu,
ukungu, uzito, mawe.
Safu sita. Kalamu inasimama.
Hakuna safu ya yule atakayekula mkate huu
kila siku, miaka thelathini.
Hakuna aliyemuuliza hilo.
Muhuri wake husema tu: hii ni ngano,
na ngano hii ni ngano.

Na yule wa koti jeupe, je,
aliulizwa nini?

Anachana sigara moja, anamwaga tumbaku kikombeni,
anainusa jinsi anavyonusa shehena,
macho amefumba.
Haina unyevu. Haina mdudu.
Safi kabisa.

Orrin anagonga kioo, vidole viwili mdomoni:
una moto?
Anampa kiberiti chote.
Kikombe anakiacha mizanini, hakioshi,
na mhuri mkavu ubavuni mwake.